Llandudno au Tenby? Kama unataka kupumzika kweli pwani ya Wales, soma hii kabla hujalipia hoteli

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu hivi simu yangu inaanza kuita, marafiki wa huku Uingereza wananiambia mama mkwe anakuja kutoka Dar, watoto wanafunga shule, tumechoka na mashifti tunataka sehemu ya bahari tukae siku nne tano tupumzike tu, we si ulishaenda Wales, twende wapi? Na mi huwa nataja miji miwili, Llandudno ya kaskazini na Tenby ya kusini magharibi, alafu mtu ananiuliza sasa ipi nzuri na hapo ndo tunakwama maana zote nzuri, ila sio kwa mtu yuleyule. Kwaiyo leo nimekaa chini niandike vizuri niwe nawatumia hii.

Nimeenda Llandudno mara tatu na Tenby mara mbili. Mi mtoto wa Tanga, bahari nimeijua kabla sijajua kusoma, na nawaambia mapema kwamba maji ya uvuguvugu huku sahauni. Hata mwezi wa nane bahari ya Wales inafika nyuzi 16 au 17 basi, watoto wetu waliozaliwa huku wanaingia na kupiga kelele za furaha ila mgeni aliyezoea Raskazone ya kwetu Tanga atachovya vidole vya miguu atarudi kwenye soksi zake. Hapa tunaongelea kukaa pwani, kuangalia maji yanavyokuja na kuondoka, kutembea taratibu, kula samaki, kulala mapema dirisha likiwa wazi kidogo usikie mawimbi. Kama hiyo kwako ni starehe basi twende.

Miji yenyewe imezaliwa tofauti kabisa. Llandudno ni mji uliopimwa kwa rula, katikati ya karne ya 19 familia ya Mostyn waliokuwa wenye ardhi walichukua lile bonde tambarare lililopo kati ya vilima viwili vya mawe vinavyoingia baharini, Great Orme na Little Orme, wakapanga mji mpya kabisa kwa ajili ya watu wa kuja kupumzika. Ndo maana barabara zake ni pana, ufuo umepinda kama hilali, na mahoteli ya rangi ya maziwa yamesimama mstari mmoja ghorofa nne tano yote yakiangalia baharini, mbele yake kuna njia ya kutembea bapa kama sahani karibu kilomita tatu na mabenchi kila hatua chache. Maduka yamewekwa mtaa wa nyuma, Mostyn Street, wenye vibaraza vya chuma na vioo hivyo mvua ikinyesha unaendelea kuangaza macho bila kulowa.

Tenby we acha tu. Ule ni mji wa kale uliojibana juu ya jabali, umezungukwa na ukuta wa karne ya 13 na sehemu kubwa bado imesimama, ndani ni vichochoro, chini kuna bandari ndogo, na nyumba za rangi ya waridi, njano, buluu na kijani zimepangana juu ya bandari kama kanga zilizoanikwa. Mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu akiingia kwenye vile vichochoro atajisikia yuko na jamaa zake, ule ubaridi wa ukutani, alafu unakata kona unakutana na bahari usoni. Kwa Kiwelshi wanauita Dinbych-y-pysgod, yaani ngome ndogo ya samaki.

Kwa macho tu Tenby inashinda, sibishani na mtu kwa hilo.

Sasa kufika. Mi natokea Birmingham, kwa gari Llandudno ni masaa mawili na kitu, Tenby ni kama manne na ukipatwa na foleni Ijumaa jioni hesabu zaidi. Kwa treni pengo linakuwa kubwa zaidi, Llandudno ina treni za moja kwa moja kutoka Manchester, na ukitokea kwetu unashuka Llandudno Junction unapanda kitreni kidogo dakika chache tu uko mjini, ukishuka stesheni unaburuza begi dakika kama kumi kwenye barabara tambarare unafika baharini. Tenby nayo ina stesheni yake, tena iko karibu, ila treni inatokea Swansea kwenye reli ya pembeni inayosimama kila kijiji na zinapita kama moja kila masaa mawili, kwaiyo ukiikosa moja ndo umekaa hapo na watoto na njaa. Kutoka London Tenby inakula kama masaa matano, Llandudno matatu na kitu. Kwa mtu wa siku mbili tatu hiyo peke yake inatosha kuamua. Kwa mtu wa wiki nzima hailazimishi kitu.

Mnaoendesha, ndani ya miji ya Wales spidi ya kawaida ni maili 20 kwa saa tangu mwezi wa tisa 2023, na mkiona barabarani pameandikwa ARAF maana yake punguza mwendo, msianze kugugo mkiwa kwenye usukani.

Tuje kwenye bahari yenyewe, hapa ntakaa kidogo maana ndo penye tofauti inayowauma watu wakishafika. Ufuo mkuu wa Llandudno, ule wa North Shore wa kwenye picha, ni wa kokoto. Kokoto za kijivu laini kama mayai, ukitembea peku zinauma nyayo na zinakwenda na mguu, mchanga unaonekana maji yakishakupwa tu. Watu wengi wanafika na ndoo na koleo za watoto wanavunjika moyo. Mchanga uko upande wa pili wa mji, West Shore, unatembea kama robo saa ukikatiza mji, ni pakubwa na pametulia, hakuna msururu wa hoteli, na jua linazama huko juu ya bahari, mwezi wa sita linachelewa mpaka karibu saa nne usiku. Wageni wengi wanalala Llandudno siku tatu hawaendi West Shore hata mara moja, wanaondoka bila kuona kitu kizuri kuliko vyote walivyolipia.

Tenby mchanga ndo kwake. Kuna fukwe nne zimezunguka mji, North Beach yenye jabali la Goscar limesimama katikati ya mchanga, ya bandarini, Castle Beach, na South Beach inayonyooka kama kilomita mbili na nusu mchanga mtupu. Na maji yale yanavyokupwa, jamani! Sisi Tanga tunajua bamvua na maji mafu ila kwa Tenby nilisimama nikaangalia kama mtoto. Asubuhi saa tatu mashua bandarini zilikuwa zinaelea karibu na ukuta, tukaenda kunywa chai, kuzunguka, kununua kofia, tunarudi saa nane zimelala ubavu kwenye mchanga na kamba zao zimelegea, mtoto wangu wa pili anapita katikati yake na viatu vyake mkononi anagusa usukani wa mashua moja moja. Kisiwa cha St Catherine's ambacho asubuhi kilikuwa kisiwa kweli, chenye ile ngome iliyojengwa kuanzia 1867, mchana tukakifikia kwa miguu. Ila hapo ndo pa kuwa makini, maji yanarudi haraka na hayakusubiri, angalia ratiba ya maji kupwa na kujaa kabla hujapeleka watoto, pale hotelini wanayo au kwenye simu unaipata. Hili nalisisitiza kwa wazazi wasiozoea pwani.

Kwaiyo watoto wa chini ya miaka kumi: Tenby, wala usijiulize mara mbili.

Lakini sasa nisikilizeni kuhusu magoti. Mara ya kwanza Tenby nilimpeleka mama yangu, ana miaka sabini na kitu, magoti yake yana shida, na mi kwa uzuri wa picha nilibuku nyumba ya wageni moja ndani ya ukuta, siitaji jina, waliandika wana mandhari ya bahari na kweli walikuwa nayo, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba za kupinda, lifti hakuna. Nyumba nyingi za mji ule ni za zamani sana lifti hazina, sio kosa la mtu, kosa ni kwamba sikuuliza. Na kutoka juu mjini kushuka ufukweni ni ngazi au mteremko mkali, popote unapokwenda. Mama alishuka siku ya kwanza, akaona bahari, akafurahi, kupanda kurudi tulipumzika mara tano. Siku ya pili akasema nendeni tu mwanangu mi nawaona kutoka dirishani. Na kweli nikiwa mchangani chini nikiangalia juu namuona, mtandio wake mweupe dirishani, na mkono unapunga. Ile ilinikaa kifuani safari nzima, mtu katoka Tanga ndege mbili kuja kuona bahari kupitia kioo.

Mwaka uliofuata nikampeleka Llandudno, hoteli ya mbele ya bahari yenye lifti, ziko nyingi pale za hivyo na bei zinapishana sana kwaiyo tafuta. Asubuhi anashuka mwenyewe, anavuka barabara, anakaa kwenye vibanda vya kujikinga na upepo vilivyoko njiani na chupa yake ya chai ya tangawizi na kanga juu ya koti. Wazee wa Kiwelshi wanapita wanamwambia bore da, habari ya asubuhi hiyo, naye anajibu nzuri baba, za kwako, na kila mmoja anaendelea na safari yake ameridhika. Siku ya tatu nikamuuliza leo tukupeleke wapi mama, akaniambia mwanangu hapa panatosha.

Na siku aliyotaka kutembea, vitu vya Llandudno vingi ni vya kupanda ukakaa. Kuna tramu inayopanda Great Orme tangu 1902, inavutwa na waya uliopita chini, moja ikipanda nyingine inashuka zinasaidiana uzito, katikati mnabadilisha gari mnaendelea mpaka juu mita 207, na ukifika unaona milima ya Eryri huku na bahari kule. Kuna vile vibehewa vya kuning'inia kwenye waya vya tangu 1969, hivyo upepo ukizidi wanafunga, usiviwekee ahadi na watoto. Kuna gati la 1877 lenye urefu wa mita 700, refu kuliko yote Wales, unatembea juu ya maji mpaka mwisho unakuta watu wameshusha nyuzi wanavua. Ukiwa na gari kuna barabara ya Marine Drive inayozunguka jabali lote kama kilomita nane, unalipia kidogo getini. Tramu kumbuka inafanya kazi kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa wa kumi, baridi ikiingia inalala.

Juu kule kuna mbuzi. Mbuzi wa Kashmir, weupe, pembe kubwa za kurudi nyuma, wanaishi porini wenyewe, ndo walewale wa lokdauni ya 2020 walioshuka mjini wakawa wanakula maua ya watu barabara zikiwa tupu. Mama alipowaona alisema hawa wanafaa Idi.

Kwa wanaopenda mambo ya kale kuna machimbo ya shaba hukohuko juu, yamechimbwa miaka zaidi ya 3,500 iliyopita kwa mawe na mifupa ya wanyama. Mi nilipoona vile vijitundu vyembamba nikawaza watoto wa wakati ule, kuna sehemu mtu mzima hapiti. Mzee wa magoti asiingie, kuna ngazi za kushuka chini. Na dakika chache kwa basi kuna mji wa Conwy na ngome yake iliyoanza kujengwa 1283, hiyo ndo nusu siku nzuri sana.

Tenby cha kupanda ni boti. Unavuka kama dakika ishirini kwenda kisiwa cha Caldey ambako wanaishi watawa wa Kikristo mpaka leo, wanatengeneza chokoleti na manukato wanauza hapohapo, hakuna fujo, unasikia upepo na kengele. Siku niliyokwenda pale ndo siku niliyopumzika kuliko zote huku Uingereza, nasema kabisa. Boti zinatembea kuanzia Pasaka mpaka mwezi wa kumi, Jumapili hamna, bahari ikichafuka hamna, na maji yakikupwa hazitokei bandarini zinatokea Castle Beach kwaiyo usisimame bandarini peke yako ukishangaa. Baada ya hapo ni kutembea, njia ya pwani ya Pembrokeshire ni kilomita 299 nzima, lakini we chukua kipande tu cha kwenda kijiji cha Saundersfoot, ni kama kilomita sita na nusu, kupanda na kushuka kwenye miti, jasho litakutoka. Na kama una mtoto anayesumbuliwa na hesabu mwambie yule aliyebuni alama ya sawasawa, ile mistari miwili, Robert Recorde, mwaka 1557, alizaliwa Tenby. Wangu alitaka kujua nyumba yake.

Chakula, kwa sisi Waislamu hasa. Miji yote miwili ni midogo, usitegemee kukuta halali kila kona kama Birmingham, tegemeo lako ni samaki na mboga. Samaki na chipsi zipo kila mahali na ni tamu lakini uliza kwanza wanakaangia nini, kuna maduka yanatumia mafuta ya ng'ombe, sio kila duka, uliza tu bila aibu wamezoea kuulizwa. Mi huwa nachukua apatimenti yenye jiko, nakwenda na nyama yangu kwenye friza ndogo na unga, matatizo yameisha. Conwy wana kome wazuri sana. Na kwa Pembrokeshire kuna kitu kitawashangaza watu wa Zanzibar, wanakula mwani! Wanauchemsha muda mrefu mpaka unakuwa rojo jeusi la kijani wanauita bara lawr, asubuhi na mayai. Kule kwetu Paje kinamama wanalima mwani wa kuuza nje, huku wanauweka mezani. Nilionja, una ladha ya bahari yenyewe, na limau unapanda vizuri. Ila onyo, wengi wanaukaanga na mafuta ya bekoni, yaani nguruwe, hapo tena uliza. Na hao ndege weupe wa baharini usile chipsi huku unaangalia simu, Llandudno au Tenby yote sawa, mmoja alichukua kipande kizima cha samaki mkononi mwa binti yangu akaacha karatasi.

Hali ya hewa sitawadanganya, utanyeshewa kote. Llandudno ina bahati kidogo maana milima ya Eryri inaikinga, mvua nyingi inamwagika huko milimani kabla haijafika, mi nimeshaona mawingu meusi kule juu na huku mama kakaa juani. Tenby iko upande ambao upepo wa Atlantiki ndo unaingilia. Siku ya mvua nzima Llandudno una ukumbi wa maonyesho, maduka, chai kwenye mahoteli, wakati Tenby ukishamaliza Tudor Merchant's House, ile nyumba ya mfanyabiashara yenye umri wa zaidi ya miaka 500, na maduka yake madogo, unarudi chumbani kucheza karata.

Na msongamano. Mwezi wa nane Tenby inajaa mpaka inakosa hewa, kiangazi mchana magari yanazuiwa kuingia ndani ya ukuta, jambo zuri kwa watembeaji, ila kama hoteli yako iko humo ndani uliza paking kabla hujatoka nyumbani na sio ukiwa umesimama getini na mabegi. Mwezi wa tisa kuna mashindano ya Ironman, yale ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, mji mzima na barabara zinashikwa wikiendi hiyo, angalia tarehe. Llandudno nayo inajaa lakini ule upana wake unameza watu, hata sikukuu ya Jumatatu utapata benchi. Mi Tenby naipenda mwezi wa sita kabla shule hazijafungwa, ama ile wiki ya likizo fupi ya shule ya mwisho wa mwezi wa tano kama una wanafunzi, bei nayo inakuwa haijapaa.

Lugha pia mniambie kama mnasikia kama mi. Llandudno na Conwy Kiwelshi unakisikia madukani, watu wanakiongea na watoto wao, na mi nikisikia watu wameng'ang'ania lugha yao pembeni ya Kiingereza moyo unanyanyuka, nimejifunza diolch ya kushukuru na muuzaji anafurahi kweli. Ile ll ya mwanzo wa jina Llandudno weka ulimi kama unataka kusema L alafu puliza hewa pembeni, usiseme L tupu. Tenby Kiwelshi kiko kwenye vibao zaidi, sehemu ile ni ya Kiingereza tangu karne na karne.

Kwaiyo ukiniuliza leo, nakuuliza kwanza nani anakuja na ana miguu ya namna gani. Una mzazi, mjamzito, mtu aliyetoka operesheni, mtu wa kiti cha magurudumu, au una wikiendi moja tu na huna gari, nenda Llandudno, chukua chumba mbele ya bahari chenye lifti, na jioni moja nendeni West Shore kwa teksi muone jua linazama. Una watoto wadogo au mko wawili tu mnapenda kutembea, na mna siku tano au zaidi, nendeni Tenby, laleni upande wa South Beach nje ya ukuta ambako paking inapatikana na mchanga uko chini yenu, siku ya Caldey iwekeni mwanzoni mwa safari ili bahari ikichafuka mjaribu tena kesho yake. Familia iliyochanganyika, bibi na wajukuu pamoja, Llandudno, na ndoo na koleo za wajukuu zipelekeni West Shore.

Mama anakuja tena mwezi wa sita inshallah. Nimeshalipia usiku nne, chumba cha ghorofa ya kwanza, na ameniagiza kwenye simu nisisahau ile chupa ya chai.